Mayai 48 na pini ya 26

Ilikuwa mwezi wa sita 2019, Uyole, Mbeya, kile kipindi unaamka unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu. Mama mdogo alikuwa na inkubeta, mashine ya kutotolesha vifaranga, niliyomtengenezea mwenyewe, boksi la plaiwudi, balbu mbili, senza ya joto aina ya LM35, relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na Arduino Uno, kibodi kidogo cha kompyuta, ndiyo inaamua taa iwake au izime ili joto likae nyuzi 37.5. Ilishatotoa mara nne bila shida. Ila mimi nilikuwa nimepata kazi Mwanjelwa nikahamia huko, nikawa natamani nione joto kwenye simu, na Uno haina waifai.

Nikaagiza ESP32, bodi nyingine kama hiyo ila yenye waifai, kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi nikaifuata stendi ya Nanenane. Hesabu yangu kichwani ilikuwa bodi elfu 25, mzigo elfu 5, basi, programu si ninayo tayari, nabadilisha jina la bodi kwenye kompyuta naiingiza.

Jioni mbili ziliishia kwenye relei tu. Uno inatoa volti 5 na ESP32 inatoa 3.3, na relei yangu ni zile za kuzima ukiipa volti 5, sasa ukiipa 3.3 haiachii kabisa, taa inawaka muda wote. Nikaja kujua inabidi utoe kile kijampa, kipande kinachounganisha pini mbili za relei, upande wa siginali uupe 3.3 na koili ibaki kwenye 5.

Halafu joto. Volti za senza bodi inazisoma kama namba, Uno inasoma kuanzia 0 mpaka 1023 kwa volti 5, ESP32 inasoma 0 mpaka 4095 kwa volti 3.3, kwa hiyo fomula yangu ya zamani ikaniambia chumba kina nyuzi mia na kitu, Uyole hiyohiyo ya sakitu. Nikairekebisha, bado ikawa inapunja, maana LM35 kwenye joto la yai inatoa volti 0.375 tu na ESP32 huko chini haisomi sawasawa. Nikailinganisha na kipimajoto siku tatu mpaka zikakubaliana. Hapo waifai ilikuwa bado haijawashwa.

Jumamosi nikatoa Uno nikaweka ESP32, mayai yakiwa 48, siku ya tisa. Ningesubiri yatotolewe kwanza, najua, lakini niliona ni kazi ya nusu saa. Taa ikawaka ikazima vizuri. Ukurasa wa kwenye simu nilipanga kumalizia wiki inayofuata, kwa hiyo kabla sijaondoka nikaingiza programu yenye waifai, nikaona imeshika mtandao, nikaridhika nikapanda daladala. Mama mdogo naye alikuwa anaenda msibani Tukuyu.

Jumatatu asubuhi akanipigia. "Mwanangu, hii mashine mbona ya baridi? Mayai kama mawe."

Senza nilikuwa nimeichomeka pini ya 26. Pini ile iko kwenye ADC2, moja ya sehemu mbili za ESP32 zinazosoma volti, na ADC2 inatumiwa na waifai, ukiwasha waifai pini zake hazisomi tena. Yangu ikawa inarudisha 4095, programu inaona joto limepita kiasi, inazima taa. Siku moja na nusu. Tulipopima kwa tochi usiku ule, ile mishipa myekundu ilikuwa imefifia karibu kwenye mayai yote, na mama mdogo alikuwa anayapanga kwenye beseni moja moja bila kusema neno, hiyo ndiyo sijaisahau.

Nikarudisha Uno palepale. Mwisho wa mwezi nikamnunulia mayai mengine 50 ya kienyeji, akapokea, akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, "mwanangu. Ila hicho kipya kikae na maji kwanza."

Basi nikahamisha waya wa senza kwenda pini ya 34, ambayo haiko kwenye ADC2, nikatengeneza boksi jingine dogo, nikalijaza chupa za maji, na ESP32 ikayalea yale maji siku 21 kamili, waifai ikiwa imewaka, mama mdogo akipita kila asubuhi kuweka mkono ndani.