Jinsi nilivyotoa ukoko wa chokaa kwenye birika la umeme

Birika lilikuwa linachelewa kuchemsha, na chai ikaanza kuelea vipande vyeupe. Chini kulikuwa na ukoko mgumu ambao sponji haikuutikisa. Ni chokaa: maji magumu yakichemka, madini ya kalisi yaliyoyeyuka ndani yake hugeuka kalisi kaboneti na kuganda. Kulisugua kwa waya ni kulikwaruza bure. Dawa yake ni asidi.

Nilichanganya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kiasi cha kufunika ukoko tu kwa sababu mchanganyiko hufura. Nikachemsha, nikachomoa waya, nikaacha kama saa moja. Vipovu vidogo vilipanda mfululizo (hiyo ni hewa ya ukaa, dalili kwamba siki inakula chokaa), kisha magamba yakaanza kubanduka yenyewe. Palipobaki pembeni nilipapitisha kipande cha limau. Kichujio cha mdomoni nilikiloweka peke yake. Mwisho nikachemsha maji matupu na kuyamwaga mara kadhaa, maana harufu ya siki ni king'ang'anizi.

Jiki usiijaribu hapa: haiyeyushi chokaa, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Sufuria za alumini nazo usiziloweke muda mrefu, asidi huzichimba.