Kosini niliyoikata kwa mbwembwe

Leo nimejifungia chumbani kwa saa tatu kamili na karatasi ya mtihani wa miaka ya nyuma. Simu nimempa mdogo wangu, ndiye msimamizi. (Mkali kuliko walimu wote.)

Zimebaki wiki mbili tu mtihani wa hesabu ufike.

Swali la saba: tafuta x kati ya 0° na 360° ikiwa sin 2x = cos x (sin ni sini, cos ndiyo kosini yenyewe).

Nikacheka. Hili nalijua! Sin 2x ni 2 sin x cos x, basi nikagawanya pande zote kwa cos x, nikaikata kwa kalamu kushoto na kulia. Ikabaki 2 sin x = 1, nikapata 30° na 150°. Nikapiga mstari chini, swali linalofuata.

Jioni nasahihisha. Majibu ni manne.

Manne?

Nikarudia mara tatu nikitafuta nilipoteleza. Kumbe nimegawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri! Kwenye 90° na 270°, cos x ni sifuri, na mimi nimeshaifuta. Nilitakiwa kuhamishia kila kitu upande mmoja, kisha niitoe nje ya mabano: cos x(2 sin x − 1) = 0.

Kinachoniuma ni ule mkato wa kalamu. Nimeukandamiza mpaka karatasi imetoboka. Maswali niliyoyaogopa, karibu yote nimepata.

Mdogo wangu kachungulia, kauliza: "Sasa hizo mbili ulizitupa wapi?"

Mnaojiandaa, na nyie mliokwisha pita huko: swali gani liliwaangusha huku mkitabasamu? Semeni jamani, nisiwe peke yangu.