Programu ya dalali wa mikopo ya nyumba Marekani: ijaribu kwa faili gumu

Dalali wa mikopo ya nyumba hakopeshi hela zake. Anakusanya taarifa za mteja, anatafuta mkopeshaji, anampelekea faili. Kwa hiyo Encompass, programu ya wakopeshaji inayobeba mkopo hadi unapouzwa, ni mzigo kwa ofisi ya watu watatu. Madalali wengi huangalia programu kama LendingPad, ARIVE au Calyx Point. Ila jina lisikushughulishe sana. Tazama faili linavyotoka.

Muuzaji atakuonyesha mteja mwepesi: mwajiriwa, mshahara mmoja, hana deni. Wewe omba akaunti ya majaribio, uwaingize mume na mke. Mmoja ana biashara yake, akaunti ya benki ni ya pamoja, wamehama mwaka jana, na wana nyumba nyingine wameipangisha. Jaza fomu 1003 (ombi la mkopo wa nyumba) yote, toa faili la MISMO 3.4 (muundo wa data ambao mifumo ya mikopo hupeana), ulipandishe kwenye sehemu ya majaribio ya mkopeshaji wako mkuu. (Mteja wa kubuni asiguse mfumo halisi, utajitafutia kesi.)

Halafu kagua mstari kwa mstari. Akaunti ya pamoja ikiingia mara mbili, akiba imevimba. Mkopo wa nyumba ya kupangisha ukiachana na nyumba yake, unasomeka kama deni tupu na kodi ya pango haiupunguzi. Mteja anayestahili anaweza kukataliwa.

Jaribu pia hesabu ya siku. Ombi limepokelewa pale vitu 6 vinapotimia: jina, kipato, namba ya Social Security, anwani ya nyumba, makadirio ya thamani yake na kiasi cha mkopo. Mara vikimfikia dalali, Loan Estimate (makadirio ya gharama za mkopo) lazima itumwe kwa mteja ndani ya siku 3 za kazi. Vikitimia Ijumaa na Jumamosi ofisi ya mkopeshaji haifunguliwi, mwisho ni Jumatano. Closing Disclosure (gharama za mwisho, kabla ya kusaini mkopo) ina hesabu nyingine, Jumamosi imo: mteja akiipokea Alhamisi anaweza kusaini Jumatatu, kama hakuna sikukuu katikati. Programu inayotumia kalenda moja kwa zote mbili, achana nayo.

Nywila peke yake haitoshi. Tangu Juni 9, 2023 kanuni ya FTC, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, inadai uthibitisho wa hatua zaidi ya moja.

Bei uliza ni kwa kila mtumiaji au kwa kila mkopo unaofungwa. Na kabla ya kusaini, waambie wakutolee mafaili 10 kwa mkupuo, data pamoja na viambatisho. Wakikupa PDF tupu, siku ya kuhama utachapa upya kila kitu.