Siku moja maishani mwangu: IST inayovuma nyuma

Saa 1:30 asubuhi. Gereji iko Kihonda, kando ya barabara ya Dodoma hapa Morogoro. Sijavaa hata ovaroli, mwalimu ameshaingia na Toyota IST yake. Ameinunua mkononi mwa mtu, namba D, rangi inang'aa, viti safi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Gari yangu inavuma huku nyuma. Nikifika sitini inakuwa kama ndege inataka kupaa."

Kuna fundi ameshamwambia ni difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma), na bei ameshatajiwa. Nafungua boneti nasoma kibati cha modeli: NCP60. Hiyo ni IST ya cc 1300 inayovuta kwa matairi ya mbele. Yenye difu nyuma ni NCP65, inayovuta kwa matairi yote manne. Namwomba mwalimu ainame kidogo tuangalie chini pamoja: kuna boriti imelala kutoka tairi moja la nyuma hadi jingine, na hakuna shafti yoyote inayotoka mbele kuja kwake.

"Kwa hiyo ningelipia kitu ambacho gari haina?"

Namwambia tuachane na hilo, kwanza anieleze vizuri hiyo sauti.

Saa 2. Maswali yangu huwa yanawachosha wateja, lakini hapa ndipo kazi inapookolewa. Inaanza ukiwa spidi gani? Ukikanyaga mafuta inabadilika? Kwenye kona je? Ukipakia watu? Mwalimu ni msikivu, anajibu bila kubahatisha: mafuta hayabadilishi kitu, ila akiwabeba walimu wenzake watatu nyuma, inazidi. Basi nawaza vitu viwili vinavyobeba uzito na kuzunguka, beringi na tairi.

Tunamwaga buti lote: jeki, spea tairi, maboksi ya karatasi za mitihani. Natikisa silensa ya bomba la moshi, raba zake ziko sawa. Vitu hivyo vikilegea huwa vinagonga, havivumi, lakini sipendi kwenda barabarani na kelele mbili nikitafuta ya tatu.

Saa 3. Naendesha mimi, dogo ninayemfundisha kazi amekaa kiti cha nyuma. Tunashika barabara kuelekea Mkundi. Chini ya arobaini, kimya. Hamsini na kitu, sauti nzito inaanza kupanda kutoka sakafuni. Tukitoka kwenye makazi na kibao kikaruhusu, nafika themanini na mvumo umejaa gari zima. (Polisi wenye tochi za kupima spidi wapo barabara hii, hivyo majaribio ya spidi ninayafanyia pale tu kibao kinaporuhusu.) Sehemu iliyonyooka, isiyo na mteremko wala gari nyuma yangu, naweka gia N. Injini inashuka hadi mzunguko wake wa chini kabisa, mvumo haujali, unaendelea vilevile na kupungua polepole kadiri gari inavyopungua mwendo. Injini na gia boksi nazitoa kwenye orodha.

Kisha kona. Kwenye kona ndefu ya kushoto uzito wa gari unaegemea upande wa kulia, na mvumo unapanda. Kona ya kulia, unashuka hadi karibu upotee. Dogo anasisitiza anausikia kushoto. Namwelewa, maana bodi ya gari inasafirisha sauti, na masikio ya aliyekaa ndani yanadanganyika kirahisi. Kwenye jambo la upande naamini kona kuliko sikio.

Saa 4. Gari juu ya stendi, handbreki imeachiwa. Nashika tairi la nyuma kulia, mkono mmoja juu na mmoja chini, natikisa. Halichezi. Nalizungusha, halilii. Mafundi wengi wanaishia hapa: halichezi, basi beringi nzima. Lakini beringi inaweza kuwa imechubuka njia zake za ndani bila kulegea hata kidogo, na hapa hewani haina mzigo wa kuifanya ilie.

Kwa hiyo nalizungusha tena, safari hii vidole vya mkono wa kushoto vimelala juu ya springi. Kwenye IST springi ya nyuma imesimama peke yake, mbali na shokapu, na inafikika vizuri. Vidole vinapokea mkwaruzo mdogomdogo, kama mchanga. Nahamia kushoto: springi imetulia kabisa. Namwita dogo ashike mwenyewe, huku na huku. Anatoa macho.

Ningeweza kumaliza hapo, ila matairi yananitia shaka. Napitisha kiganja juu ya tairi la nyuma: ukienda mbele ni laini, ukirudi nyuma linachoma, meno ya msumeno pande zote mbili. Gari inayovuta kwa mbele ina uzito mdogo nyuma, na matairi yakikaa huko muda mrefu bila kuzungushwa yanalika namna hiyo. Ubavuni namba nne za mwisho ni 2216, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2016. Tairi la aina hiyo linavuma, na sauti yake inafanana sana na ya beringi. Nimeona watu wamebadilisha beringi mbili nzima kwa kosa la tairi.

Dawa yake haina gharama: ya nyuma tunayaleta mbele, ya mbele tunayapeleka nyuma, tunarudi barabarani. Sasa kuna sauti mbili. Moja imehamia mbele, nyepesi, inabadilika tukitoka lami chakavu kuingia lami laini. Ya pili, ile nzito, imebaki nyuma palepale na haijali lami. Kumbe matairi yalikuwa yanaipa beringi kiitikio.

Saa 5. Nampigia mwalimu, ameshaenda kazini. Namweleza kwamba beringi ya nyuma kulia imekufa, na kwenye gari hii inakuja pamoja na habu yake (kitovu kinachofungiwa tairi), imefungwa kwa bolti nne, hakuna kwenda kwa mtu wa presi kuisukuma kwa mashine. Anauliza kama tufunge za mtumba. Kwa injini au mlango mtumba nakubali bila ubishi. Beringi ya mtumba sikubali, kwa sababu hakuna anayejua imetembea kiasi gani wala ilipita kwenye maji gani. Je, tubadilishe na ya kushoto? Hapana, mwalimu. Breki shuu na shokapu ndizo tunabadilisha jozi. Habu iliyotulia iache.

Napiga Gerezani, Dar, kwa wauza spea. Natuma picha ya kibati na ya plagi ya sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi lisigande), kwa kuwa habu yenye sensa na isiyo na sensa ni vitu viwili tofauti. Mzigo utapanda basi la mchana.

Saa 6. Tunaanza kufungua. Dramu imeganda kwenye habu, na dogo ameshanyanyua nyundo. Namzuia. Toyota wameacha matundu mawili yenye uzi usoni mwa dramu: ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza hii kidogo, kaza ile kidogo, dramu inajisukuma yenyewe nje. Nyundo inapasua kingo za dramu, kisha unaanza kutafuta dramu. Tunachomoa plagi ya sensa, bolti nne zinatoka kwa kupuliziwa oili na subira. Naizungusha habu mkononi, inakwama na kuachia. Nyuma yake grisi imetoka na rangi ya kutu: maji yaliingia.

Saa 7, wali maharage. Saa 8 hadi saa 10 ni Hiace ya abiria, breki za mbele na kelele za kondakta.

Saa 10:30 jioni. Msamvu, stendi. Nafungua boksi palepale kabla sijamwachia mtu wa basi aondoke. Majina ya Kijapani yanayoaminika, kama NSK na Koyo, ndiyo yanayoigwa sana, kwa hiyo naangalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, si boksi tu. Gereji naiweka sambamba na ya zamani: studi nne, urefu uleule, plagi ileile. Dogo anasugua kwa brashi ya waya pale inapokaa, maana kutu ikibaki habu inakaa upande. Nati za tairi tunakaza kwa msalaba na spana ya kupimia, 103 Nm. Ya kukanyagia bomba kwa mguu tulishaiacha.

Saa 12 jioni. Mwalimu anaendesha mwenyewe, mimi abiria. Sitini, sabini, themanini. Anazima redio, anasikiliza. Kimebaki kile kivumo chepesi cha mbele, na namwambia wazi kwamba hicho ni matairi, kitaondoka siku akiyabadilisha. Anasema mshahara ukitoka. Namsihi asingoje sana. Umri wa matairi yale unanisumbua kuliko kelele yake. Apite pia baada ya kilomita 100 hivi tuzikaze nati upya.

Saa 1 usiku nafunga. Simu inaita: kuna Noah SR40 inakuja kesho kutoka Mvomero. Inalia nyuma ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza. Hiyo inavuta kwa nyuma, na ndiyo nitaanza na difu.