Nunda ambaye sijamtazama

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi. Nimechomeka simu nikakaa karibu nayo kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Ndani yake kuna faili moja ambalo sijalifungua tangu juzi.

Yalianza na bando. Nilikuwa natafuta hadithi ya Sultani Majnuni, ile ya nunda mla watu, nimsomee mpwa wangu, nikaangukia kitabu cha Kiingereza cha George Bateman, ngano za Zanzibar, kilichochapwa Chicago mwaka 1901 na kuchorwa picha na Walter Bobbett. Kipo cha maandishi matupu na kipo chenye picha. Chenye picha ni kizito, na bando langu lilikuwa mahututi. Nikachukua maandishi.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Bateman alitaka wasomaji wake wa Marekani watamke sawasawa, basi kima akawa "Keema", na mkuyu alioishi juu yake ukawa "mkooyoo". Hamdani maskini, yule wa hadithi ya paa, kawa "Haamdaanee". Na kijana wetu Mkaa Jikoni, mwana mdogo wa Sultani Majnuni, kaandikwa "Mkaaah Jeechonee", jina la mtu anayepiga miayo. Lakini simdharau Bateman. Edward Steere, yule wa misheni ya Unguja, alipoitoa ngano hii London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili, aliipa jina la Sultani. Bateman kaipa jina la mtoto. Hapo naona yeye ndiye aliyepatia.

Kwa sababu Sultani ana nini? Paka wake anakula kuku wa watu, wanakuja kushtaki, yeye anasema paka wangu, kuku wangu. Paka anakula mbuzi: paka wangu, mbuzi wangu. Ng'ombe, vivyo hivyo. Mpaka paka alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani akakiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Bibi, akitusimulia kule Pangani likizo za Desemba, akifika hapo alikuwa ananyamaza na kuinama kuchokoa utambi wa koroboi. Ulikuwa hauna shida yoyote ule utambi.

Kisha kitinda mimba, mtoto wa kukaa jikoni ambaye hakuna aliyemtaraji, anatoka kwenda kumsaka. Kila anachoua anakiburuta hadi kwa mama yake, akiimba: "Mama wee, niulaga nunda mla watu!" Nasi tuliolala mkekani tunamjibu kwa sauti ya mama: "Mwanangu, siye, siye nunda mla watu." Hilo "niulaga" tuliliimba miaka bila kujua maana yake. Juzijuzi tu jirani yangu Msukuma kaniambia kwao kuua ni kubulaga, nikasimama pale uani na ndoo mkononi.

Shuleni nilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, na niliipenda, sitasema uongo. Ila mwindaji wa mle ni Mzungu anayejua kila mnyama kabla hajamwona. Huyu wetu hajui. Kaua mbwa, kaja kuuliza. Kaua fungo, kaja kuuliza. Punda milia, twiga, kifaru. Siye, siye, siye. Akileta tembo na mama akasema siye, mimi nilikuwa navuta shuka hadi puani. Kama tembo siye, basi nunda ni nani?

Bibi hakusema. Huyo ndiye nunda niliyekua naye: hana umbo, ana harufu ya gunia lililolowa, yuko nyuma ya mlango wa stoo.

Sasa huku kwa Bateman nakuta kwamba mama wa yule kijana alimpa alama. Masikio madogo. Mwili mpana, si mrefu. Mabaka mawili kama ya fungo. Mkia mnene. Kijana anamkuta amelala mlimani, anazihesabu alama moja baada ya nyingine, zote zipo. Nilisoma mara tatu. Bibi hakuwahi kututajia hata sikio moja. Alisahau? Mtu aliyekumbuka wimbo mzima asahau mkia?

Nikampigia kaka. Nunda wako alikuwaje? Hakusita: kama lile katapila lililokuja kuchonga barabara, lenye meno mbele. Nikampigia dada. Wake alikuwa na uso wa mwalimu wetu wa hesabu, na hapo alicheka mpaka mtandao ukakatika. Mkeka mmoja, koroboi moja, bibi mmoja, na nunda watatu.

Jana nimenunua bando la wiki. Kile chenye picha kimeshuka chote, nimeona mstari wa kijani ukifika mwisho. Sijui mchoraji yule aliamua kumchora nunda au alimwacha, na kidole changu kimefika pale mara mbili kikarudi. Mpwa anakuja Jumatano. Yeye atataka picha, watoto wa siku hizi usiwaambie habari ya stoo.

Nimemwandikia dada: picha ninazo, nikutumie?

Amejibu hapohapo, usiku huu: "Usithubutu, mdogo wangu."

Simu imefika asilimia 41.