Ninavyolinda beji na bei ya BnB ya chumba kimoja, Bamburi

Madaraja ya majukwaa ya kukodisha nyumba yamejengwa juu ya asilimia, na asilimia haimhurumii mwenye namba ndogo. Hilo ndilo la kushika kwanza kama una nyumba moja tu. Yangu ni ya chumba kimoja cha kulala huku Bamburi, Mombasa, na imetangazwa Airbnb na Booking.com kwa pamoja. Ninayoeleza hapa ni hesabu na utaratibu ninaoufuata ili ibaki juu wageni wanapotafuta, bila faida kuishia kwenye mapunguzo na komisheni.

Tuanze na Mwenyeji Bingwa (Superhost), beji ambayo Airbnb huwapa wenyeji wanaofanya vizuri. Ukaguzi wake hufanyika mara nne kwa mwaka, tarehe 1 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na huangalia miezi 12 iliyopita. Masharti ni manne: wastani wa nyota 4.8 au zaidi. Angalau safari 10 zilizokamilika, au nafasi (yaani bukingi) 3 zenye jumla ya usiku 100. Kujibu 90% ya maulizo mapya ndani ya saa 24. Na kughairi chini ya 1%. Wengi hukesha wakihofia nyota, ilhali sharti linalomwangusha mwenye nyumba moja ni hilo la mwisho. Ukipata nafasi 45 kwa mwaka na kughairi moja tu, tayari umefika zaidi ya 2% na beji imekwenda. Wakala mwenye nyumba 20 na nafasi 900 anaweza kughairi mara 8 na bado akabaki Bingwa. Sharti ni lile lile, lakini yeye ana nafasi ya kukosea na wewe huna hata moja.

Na usifikiri ni beji pekee. Mwenyeji akighairi hutozwa 10% ya thamani ya nafasi ikiwa zimebaki zaidi ya siku 30 kabla ya mgeni kuingia, 25% ikiwa ni kati ya siku 30 na saa 48, na 50% chini ya hapo, na kiwango cha chini kabisa ni dola 50. Kwa nyumba ya shilingi 6,000 kwa usiku, dola 50 inapita mapato ya usiku mmoja.

Sababu kubwa ya kughairi kwa watu wa majukwaa mawili ni nafasi mbili kuangukia usiku mmoja. Kalenda nyingi huunganishwa kwa kiungo cha iCal, anwani ya mtandaoni ambayo jukwaa moja husomea kalenda ya jingine, na kiungo hicho hakisukumi habari papo hapo. Kila jukwaa huenda kusoma kalenda ya mwenzake baada ya saa kadhaa, na katika pengo hilo mgeni wa pili anaingia. Kwa hiyo nafasi ikiingia upande mmoja, nafunga tarehe zile upande wa pili kwa mkono, pale pale, kabla hata ya kumjibu mgeni. Nimeweka pia muda wa notisi wa siku 1, maana nafasi za leo kwa leo ndizo hugongana zaidi. Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi 3 Januari, na wikendi ya Pasaka, naacha jukwaa moja tu wazi. Nyumba itajaa tu siku hizo, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Kagua kwamba kiungo kimewekwa pande zote mbili. Kosa ninaloliona sana kwa wenye BnB wapya ni kuunganisha upande mmoja: Airbnb inaisoma Booking.com, lakini Booking.com haiisomi Airbnb. Jaribio lake ni rahisi. Funga siku moja ya mbali, tuseme miezi mitano mbele, kwenye jukwaa la kwanza, kisha subiri uone kama itafungika kwenye la pili. Halafu geuza. Airbnb huonyesha saa ambayo kalenda ya nje ilisomwa mara ya mwisho. Ukiona imepita siku nzima, kiungo kimekatika, kiweke upya.

Likitokea jambo la kweli, kama bomba kupasuka au transfoma ya mtaa kuungua, usibonyeze kughairi kwanza. Piga picha, weka risiti ya fundi au ujumbe wa kukatika kwa stima, uwasiliane na huduma ya wateja, na ughairi baada ya wao kufungua suala lako. Sababu halali ikikubaliwa, ada na doa la kughairi vinaweza kuondolewa. Ukighairi kwanza kisha ukaanza kujieleza, kazi huwa ngumu mara dufu.

Sasa nyota. Wastani wa 4.8 maana yake unaruhusiwa kupoteza 0.2 kwa kila tathmini. Nyota 4 moja inahitaji nyota 5 nne za kuifunika. Nyota 3 moja inahitaji tisa. Nyota 1 moja inahitaji kumi na tisa, na kwa nyumba ndogo hiyo ni miezi ya kazi. Nyota ya jumla ambayo mgeni anaibonyeza ndiyo inayohesabiwa, wala si wastani wa zile sehemu sita za usafi, usahihi, kuingia, mawasiliano, mahali na thamani. Mgeni anaweza kukupa 5 kwenye zote sita kisha akaweka 4 ya jumla, na ni hiyo 4 itakayokaa.

Wageni wetu wa nyumbani, kutoka Nairobi, Nakuru au Arusha, wengi huona nyota 4 ni sifa njema kabisa, kwa sababu wamezoea nyota za hoteli, ambako nne ni pazuri sana. Siwaombi nyota. Asubuhi ya kwanza, saa tatu hivi, natuma ujumbe: «Habari za asubuhi, natumaini mmelala salama. Kama kuna lolote haliko sawa niambie sasa, nilitengeneze mkiwa bado mpo.» Mgeni akilalamika siku ya kwanza, bado una nafasi ya kumridhisha. Akinyamaza hadi siku ya kuondoka, malalamiko yale yale yanageuka tathmini. Tathmini zina dirisha la siku 14, na kila upande hauoni ya mwenzake mpaka zote ziwe zimeandikwa au muda uishe.

Tangu Novemba 2023 Airbnb ina daraja jingine, Kipendwa cha Wageni, lililoanza na nyumba milioni 2. Hili limebadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Mwenyeji Bingwa ni beji ya mtu. Kipendwa ni beji ya nyumba, huhesabiwa upya kila siku, na huhitaji angalau tathmini 5. Juu yake kuna alama za 1%, 5% na 10% bora, na nyumba zilizo katika 10% ya chini nazo huonyeshwa hivyo kwa mgeni. Mgeni akichuja Vipendwa peke yake, nyumba yenye tathmini nne nzuri haionekani hata kidogo. Kwa hiyo tathmini tano za mwanzo ni mtaji. Nyumba mpya hupewa nafasi ya kutoa punguzo la 20% kwa wageni 3 wa kwanza: lichukue, kubali hata usiku mmoja mmoja, na usifungue kalenda kabla picha hazijakamilika na maji hayajawa ya uhakika.

Kuhusu kununua samani ili kupanda daraja, tahadhari. Mwaka 2018 Airbnb ilianzisha daraja la Plus katika miji 13, na Afrika nzima ilikuwa Cape Town pekee. Mwenyeji alilipa dola 149 nyumba yake ikaguliwe kwa orodha ya vitu zaidi ya 100. Daraja hilo halipo tena. Sofa na taa walizonunua kwa ajili yake zimebaki, beji imeondoka. Mimi naweka pesa kwenye vitu ambavyo mkono wa mgeni unavigusa kila siku, na huku Pwani vinajulikana.

Cha kwanza ni maji. Visima vingi vya Bamburi hutoa maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, taulo nyeupe hugeuka kijivu na kukauka kama gunia, na matundu ya bomba la mvua huziba. Taulo nazifua kwa maji ya kisima, lakini maji ya kusuuza ya mwisho ni maji matamu ya kununua, na siki nusu kikombe. Kichwa cha bomba la mvua hufunguliwa na kulazwa ndani ya siki usiku mzima kila baada ya wiki nne hivi. Birika huchemshwa na maji ya ndimu. Kwenye tangazo nimeandika waziwazi kwamba maji ya bafuni yana chumvi kidogo na kwamba mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa upo jikoni. Mgeni aliyeambiwa mapema hakati nyota ya usahihi.

Cha pili ni tokeni za stima ya kulipia kabla. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikiwashwa usiku kucha hula uniti 6 hadi 9. Mgeni wa usiku nne anahitaji uniti 40 na kitu juu yake, nami sifungui mlango mita ikiwa na chini ya 50. Ujumbe wa tokeni huweza kuchelewa, na stima kukatika saa sita za usiku kwa sababu ya tokeni ni nyota 3 isiyo na ubishi. Badilisha na betri za kibodi ya mita kabla hazijafa.

Intaneti naihifadhi kwa UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inayolisha ruta na kisanduku cha faiba. Soma volti nyuma ya kila kifaa kabla ya kuchomeka, kwa kuwa kuna ruta za volti 9, na hizo huungua. Shuka na foronya ni seti tatu kwa kitanda: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Wakati wa masika mbili hazitoshi, hakuna kinachokauka.

Booking.com ni hesabu nyingine kabisa, na hapa ndipo nyumba ndogo huumia kimyakimya. Chukua bei ya shilingi 6,000 na komisheni ya 15%: unabaki na 5,100. Ukiingia Genius, mpango wao wa punguzo kwa wateja waliojisajili, mgeni wa daraja la kwanza anapata punguzo la 10%, na punguzo hilo unalibeba wewe: 5,400, toa komisheni, unabaki na 4,590. Ukiongeza Preferred, daraja linalopandisha tangazo juu kwenye utafutaji, komisheni hupanda hadi 18%: 4,428. Ukiwasha na bei ya simu, punguzo la wanaotafuta kwa simu, 10% nyingine inakatwa juu ya Genius: mgeni analipa 4,860, wewe unapata 3,985. Sasa toa usafi 800, kufua 400, stima 250. Kwa usiku mmoja bila daraja lolote unabaki na 3,650. Kwa madaraja yote unabaki na 2,535. Tuseme unauza usiku 12 kwa mwezi bila daraja: ili kufikia mapato hayo ukiwa na madaraja yote, unahitaji usiku 18. Yaani madaraja lazima yakuletee usiku sita wa ziada kwa mwezi ndipo urudi pale pale ulipokuwa, huku godoro na kiyoyozi vikichakaa zaidi.

Wengi hujibu kwa kupandisha bei ya msingi. Ili upate 5,100 yako ukiwa na mapunguzo yote, inabidi uandike 7,680. Mgeni asiye na Genius, anayetafuta kwa kompyuta, ataiona hiyo 7,680 karibu na jirani mwenye 6,000, na atampita nani haihitaji kuulizwa. Mwenye hoteli ya aina nne za vyumba anaweza kuweka Genius kwenye aina moja. Mwenye nyumba moja huiweka kwenye kila alichonacho, na hilo halisemwi wazi unapohimizwa ubonyeze kitufe cha kujiunga.

Mimi nimebaki na Genius daraja la kwanza, kwa sababu bila hiyo miezi ya Aprili hadi Juni huwa mikavu mno. Bei ya simu naiwasha miezi hiyo tu, na naifunga Agosti na Desemba. Preferred sina. Ukitaka kuijaribu, jaribu kwa wiki nane za msimu wa kawaida, uandike usiku uliouzwa na pesa iliyoingia baada ya komisheni, ulinganishe na wiki zile zile za mwaka uliotangulia. Usipime kwa kipindi cha Desemba. Desemba kila daraja huonekana zuri. Na kwa Airbnb, kumbuka tangu Aprili 2025 mgeni huonyeshwa bei ya jumla pamoja na ada ya usafi, kwa hiyo ada kubwa ya usafi haijifichi tena: wikendi naweka usiku usiopungua 2 ili igawanyike.

La mwisho linawahusu hasa wenye nyumba walio Doha, Dubai au Minneapolis, ambao hukabidhi kila kitu kwa wakala. Tangazo likifunguliwa kwa akaunti ya wakala, tathmini zote ni zake. Mkiachana haziwezi kuhamishwa, na nyumba yako inaanza upya na sifuri, chini ya nyumba nyingine za wakala zilizopata jina kupitia yako. Fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe na benki yako, kisha umweke wakala kuwa Mwenyeji Mwenza. Ruhusa ziko za viwango: kalenda pekee, kalenda na ujumbe, au zote, kwa kazi za kila siku kalenda na ujumbe humtosha. Malipo yake yanaweza kuwekwa kama asilimia ya kila nafasi, yakamfikia bila kupitia mkononi mwako. Namba ya simu inayopokea msimbo wa kuingia kwenye akaunti iwe yako, si yake. Mkiachana, mwondoe baada ya mgeni wa mwisho aliyempokea yeye kutoka, si mgeni akiwa ndani, kwa sababu ujumbe utamkatikia katikati na anayeachwa nje ya geti saa tano za usiku ni mgeni.