Barua ya mzee Sykes

Juzi tuko kwenye foleni pale Ubungo, dereva kaweka Dully Sykes, zile za zamani, nikajikuta naimba kwa sauti mpaka konda kageuka kuniangalia. Binti yangu, yule wa pili mwenye maswali, akanitazama weee alafu akauliza, "Baba, kwani Dully Sykes ni mzungu?" Nikamwambia hapana, mbongo, wa hapahapa Dar. "Sa mbona jina lake la kizungu?"

Nikampa jibu la fasta, kwamba ni ukoo wa kina Kleist Sykes na mwanae Abdulwahid, watu wa African Association, chama kilichokuja kuzaa TANU, na TANU yenyewe, na babu yao mkuu alikuwa Mzulu, askari, Wajerumani walimtoa upande wa Msumbiji waje kupigana na Abushiri, na Kleist mwenyewe kazaliwa Pangani 1894. Akasema "aaa" akarudi kwenye simu. Mimi sasa ndo sikurudi. Nilishafika Slawit.

Linaandikwa Slaithwaite ila ukilisoma hivo wenyewe wanakucheka, wao wanasema Slawit, kijiji cha Uingereza kwenye bonde la mto Colne karibu na Huddersfield, mvua, viwanda vya sufu vilivyokufa, kuta za mawe mpaka kule juu kwenye kondoo waliolowa. Ndo nilikokuwa nabeba boksi, boksi langu lenyewe kuzungukia wazee majumbani kuwahudumia. Siku ya kwanza nimepewa karatasi ya nyumba nne, mbili zimeandikwa Sykes na wala si ndugu. Nikadhani wamekosea kutaipu. Kumbe ndo nyumbani kwao, kule Yorkshire ya magharibi ukienda makaburini Sykes, fundi bomba Sykes, kwenye mnara wa waliokufa vitani Sykes, kama umeshuka Machame ukakuta kila geti ni Swai au Massawe.

Mzee wangu alikuwa kapita themanini, kazi yake maisha yote kutia sufu rangi kiwandani, macho ndo yalikuwa yamekwisha. Nikamwambia kwetu Dar nako kuna kina Sykes, tena watu wazito, kadi za mwanzo kabisa za TANU. "Weusi?" Weusi. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji, na toka siku hiyo nikigonga mlango anaita kutoka ndani, "Binamu kafika!"

Yeye ndo alinifundisha maana ya jina. Kule kwao kijito kidogo, chembamba kiasi kwamba ukikiruka hulowi, wanakiita sike, na zamani vilikuwa vinatumika kama mipaka ya mashamba, so mtu anayekaa karibu na kijito ndo akaitwa hivo, watoto wakarithi. Nikamwambia kwa hiyo wewe kwa Kiswahili ni Bwana Mtaro. Akafurahi sana, akataka nimuandikie.

Sasa kulikuwa na profesa wa Oxford, Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba, aliwahi kujiuliza hivi hawa kina Sykes wote ni ndugu au ni majina tu. Akaanza na bosi mmoja wa kampuni kubwa ya madawa, nae Sykes, hawana undugu wanaoujua, wakapima, ikaoana. Kule Uingereza jina linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kromosomu Y, kile kipande cha vinasaba walichonacho wanaume tu, nayo inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, kwa hiyo vinatakiwa vitembee pamoja kama punda na mkokoteni. Mwaka 2000 akatoa utafiti, wanaume 48 wa jina hilo, karibu nusu yao Y ilikuwa moja. Watu walishangaa kwa sababu vijito viko kila bonde, ungetegemea kina Sykes waanze sehemu mia, kama kina Smith, yaani wahunzi, ambao kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake na wametapakaa hawashikiki. Kumbe hawa inaelekea walianza na mtu mmoja, miaka 700 hivi iliyopita. Na ile nusu nyingine? Hapo ndo utamu ulipo, na uchungu pia. Ukoo wenyewe unaweza kuwa safi ila ndani ya miaka 700 inatosha mjane mmoja kuolewa tena watoto wakafuata jina la baba wa kambo, binti mmoja kuzalia nyumbani mtoto akachukua jina la mama, au yale mengine ambayo huku yanatupeleka kwa Mkemia Mkuu.

Mtoto wa mzee akasoma habari hizo akapagawa, akamletea baba yake kale kaboksi ka kupimia. Mzee akafungua mdomo, nikampitishia kijiti ndani ya shavu, tukatuma. Mimi nikasahau. Yeye hakusahau, kila asubuhi anauliza posta.

Ikaja Jumanne. Nakumbuka Jumanne kwa sababu ndo siku ya kumkata kucha. Nimemuwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto, nimechuchumaa, taulo begani, mguu wa kulia nimeupandisha gotini kwangu, kidole gumba nimeshamaliza, kikadondoka kitu mlangoni. Akasikia kabla yangu. "Hiyo ndo yenyewe." Nikamwambia ngoja nimalize vidole. "Vidole havikimbii," akasema, "leta usome."

Nikaileta, nikarudi kuchuchumaa palepale na mguu wake palepale gotini, sijui kwa nini sikukaa kwenye kiti. Nikasoma kwa sauti. Aya ya kwanza asante kwa kututumia sampuli. Ya pili maelezo ya kromosomu, maneno marefu, nayachomekea lafudhi ya Kiswahili anacheka. Alafu zikaja namba, zimepangwa mstari kama tokeni za Luku, nikamsomea moja moja na yeye anatikisa kichwa kwa kila namba kama anazitambua. Alafu aya ya nne, macho yakatangulia mdomo.

Nikanyamaza. Mguu wake ulikuwa mweupe kama mshumaa, mishipa ya bluu, maji yanachuruzika kwenye suruali yangu. Saa ya ukutani inagonga. Nikawa napiga hesabu, naweza kuiruka hii aya, haoni, nani atajua, nitasema "wanakutakia kila la heri" basi.

"Umenyamaza."

Nikasema nakausha mikono.

"Mikono imekauka saa nyingi. Soma."

Nikasoma. Kwamba namba zake hazilingani na zile za lile kundi kubwa la kina Sykes. Kwamba asifadhaike, sababu zinaweza kuwa nyingi, na wakaziorodhesha, nikazisoma zote, nyingine nimeshusha sauti kabisa. Nilipomaliza hakusema kitu. Vidole vya mguu vikajikunja kwenye goti langu vikajikunjua. Nilitegemea sijui nini, labda machozi, labda anitukane.

"Karibu nusu, si ndo alivosema yule profesa?"

Ndio.

"Basi mimi ile nusu nyingine." Akakaa. Alafu akanigeuzia yale macho ya ukungu, "Na wewe binamu, jina lako la nani?"

Nikamwambia la babu yangu.

Hapa ndo pananikwama mpaka leo. Jina langu la tatu, hilo mnalonijua nalo, si la babu. Ni la mjomba wake baba. Baba alifiwa na baba yake mdogo kabisa, mjomba ndo akamchukua, siku ya kumuandikisha shule mwalimu akauliza mtoto wa nani, mjomba akataja jina lake mwenyewe, mwalimu akaandika, na kilichoandikwa na mwalimu kikawa. Likaenda kwenye cheti cha baba, likaja kwenye changu, likapanda ndege mpaka Manchester kwenye pasipoti. La babu mwenyewe linatajwa kwenye misiba tu, na wazee wanaolitaja wanapungua. Wala si aibu, kwetu ndo kulea kwenyewe, hata huyo Kleist baba yake alipokufa alilelewa na Effendi Plantan, askari mwenzie baba yake, na jina la Plantan akalibeba pia. Dakika mbili zingetosha. Ningemwambia mzee, hata mimi nusu nyingine. Nilikuwa nimekaa pale namhurumia kabisa, namuonea huruma mzungu wa watu, kwa kitu ambacho mimi nakivaa shingoni kila siku kwenye kitambulisho cha kazi.

Nikachukua kikatio nikamalizia vidole vinne.

Barua akaniambia niirudishe kwenye bahasha niiweke droo ya jikoni, chini ya vijiko. Jumapili zamu ilikuwa yangu, mtoto wake akaja, hata koti hajavua anauliza, vipi, majibu? "Bado," mzee akasema. Jamaa akanigeukia mimi. Nikasema posta za siku hizi hizi, we acha tu. Mzee akatikisa kichwa vilevile kama siku ile ya namba.

Tuliendelea hivo wiki kadhaa mpaka jamaa akachoka kuuliza. Baridi iliyofuata mzee akafariki, mimi nilishahamishiwa ruti nyingine, nilienda kuzika nikakaa nyuma. Nani alifungua ile droo sikuwahi kujua na sikuuliza.

Alafu 2007 nikasoma kitu kikaniacha mdomo wazi. Watafiti wa chuo kikuu cha Leicester, hukohuko Uingereza, walimpata mwanaume mzungu, mweupe pee, jina lake la ukoo adimu la Yorkshire, hajui ndugu yeyote Mwafrika, na kromosomu Y yake ni ya aina inayopatikana Afrika Magharibi. Wakatafuta wanaume wengine wa jina hilohilo, katika 18 wakaikuta kwa 7, nasaba zao zinarudi mpaka miaka ya 1780 hukohuko Yorkshire. Sisemi mzee wangu alikuwa hivo, namba zake siwezi kuzikumbuka na hata ningezikumbuka nisingejua kuzisoma. Ila nilitamani sana kugonga ule mlango nimwambie, binamu, kumbe ule utani wetu.

Basi nikiwa bado niko huko, binti akanivuta shati. Simu imeisha chaji. "Baba, na sisi jina letu la nani?"

Nikamwambia la babu.

"Babu yupi?"

Konda akaita Kimara Mwisho. Sisi tunashukia Mbezi. Tukashuka.